Sentimita Mbili za Jibu

Nchi ninayotaka kuwasimulia iko mbali sana. Hakuna basi liendalo huko. Ukihisi umewahi kufika, umefananisha tu. Nchi hufanana, kama watu. Mimi nilizaliwa huko, nikasoma huko, nikapata huko shahada ya Utawala wa Umma nikiwa na miaka ishirini na minne, na niliipenda nchi hiyo kwa moyo ambao sasa naona haya kuusimulia.

Serikali yetu ilikuwa na huruma. Watumishi wa umma walitakiwa kufanya kazi hadi miaka sitini na mitano, lakini Sheria ya Kustaafu Mapema ilisema kwamba yeyote aliyefikisha hamsini, akiwa amechoka kweli, aende nyumbani na mafao yake yote, bila kupunguzwa. Akiondoka bila ruhusa, aliondoka mikono mitupu. Neno zito katika sheria hiyo lilikuwa hilo "kweli". Nani angejua nani amechoka kweli?

Zamani uchovu ulipimwa na madaktari. Utaratibu huo ulikoma siku madaktari wote walipojaza fomu za kustaafu mapema asubuhi moja, asibaki wa kuwapima. Ikaundwa Tume. Tume ilizunguka nchi zenye baridi kwa miaka mitatu kuchunguza watu wa huko huchokaje, na iliporudi, yenyewe ikiwa hoi, ikatoa ripoti ya kurasa mia tisa ambayo kiini chake kilikuwa mstari mmoja: Ajuaye uchovu wa mtu ni mtu mwenyewe, aulizwe.

Niliusoma mstari huo nikiwa maktaba ya chuo. Nilitokwa na machozi. Aulizwe! Ni serikali ngapi duniani zinazomwuliza mtu?

Kwa mstari huo ilikuwa imekwisha kuanzishwa, miaka mingi nyuma, Mamlaka ya Kustaafu Mapema, jengo la ghorofa nne lenye malango mawili. Kila mwombaji aliulizwa hali yake mara mbili, kwanza langoni, kisha mbele ya Bodi. Jibu lake liliandikwa kwenye Fomu ya Hali, likapigwa mhuri, na kuanzia hapo likawa ushahidi wake mwenyewe alioutoa kwa kinywa chake, bila kulazimishwa. Walitangaza nafasi ya Afisa Salamu Daraja la Tatu. "Awe na adabu ya asili," lilisema tangazo. Kwenye usaili niliwaamkia wajumbe mmoja mmoja, nikamwamkia na mama aliyekuwa akipanga vikombe. Nikapata kazi.

*

Wiki ya kwanza nilifanya kazi kama mtu aliye harusini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za asubuhi?"

"Nzuri."

"Habari za kazi?"

"Nzuri, namshukuru Mungu. Ila mgongo huu, mwanangu. Tangu nidondoke kwenye nguzo ya umeme mwaka juzi, nikiinama siinuki, nikiinuka siinami..."

Nafasi ya jibu kwenye fomu ilikuwa na upana wa sentimita mbili. Nilipima kwa rula. "Nzuri" liliingia vizuri sana. "Ila" halikupata pa kukaa. Nilijaribu kuandika kwa herufi ndogo, nikajaribu kuandika pembeni, karatasi ikakataa. Nikaamini, kama mtu yeyote mwenye akili timamu angeamini, kwamba ilikuwapo fomu nyingine.

Nikamwendea Bi Tunu, Afisa Salamu Daraja la Kwanza, mama mnene mcheshi aliyekaa langoni pale miaka kumi na moja.

"Bi Tunu, samahani. Fomu ya ila iko wapi?"

"Fomu ya nini?"

"Ya ila. Mtu akishasema nzuri, ile sehemu inayofuata."

Alicheka hadi akashika kaunta. "Jamani njooni mmsikie msomi wetu! Anatafuta fomu ya ila!" Kisha akafuta machozi kwa ncha ya kitenge na kuivuta ile fomu mkononi mwangu. "Asubuhi nzuri. Kazi nzuri. Mzee ni mzima, kasema mwenyewe. Au unataka kumbishia mtu mzima?"

"Lakini kila mtu husema nzuri! Hata aliyefiwa husema nzuri kwanza, ndipo akaeleza msiba."

"Enhe," alisema Bi Tunu, akigonga mhuri. "Na ndiyo maana Mfuko wa mafao haujawahi kutikisika."

Mzee wa umeme alirudi kwenye nguzo zake. Aliponiaga alinishika mkono kwa mikono miwili. Alisema hajawahi kupokelewa vizuri namna ile katika ofisi ya serikali.

Msinielewe vibaya. Wapo waliofaulu. Mwongozo ulisema wazi kwamba mwombaji asiyeweza hata kujibu salamu amefikia hatua ya mwisho ya uchovu, astaafishwe mara moja. Kwa hiyo walifaulu wakubwa. Hawakuhitaji kufundishwa, walikuwa hawajibu salamu za walinzi tangu zamani, hata sheria haijatungwa. Walinisimulia juu ya Bwana Gaudensi Mtapuli, katibu mkuu wa wizara moja, aliyekuja akiwa na miaka hamsini na siku mbili. Bi Tunu alimsalimia kupitia kioo cheusi cha gari. Kioo hakikushuka. Akamsalimia tena. Injini ikanguruma. Bi Tunu akaandika HAKUJIBU, na watumishi wote wakamwonea huruma. Alistaafishwa Ijumaa. Jumatatu alirudi kwa mkataba, akiwa Mwenyekiti wa Bodi ya kupima uchovu, kwa sababu ya uzoefu.

Nilijiambia kuna kasoro ndogo, na kwamba kasoro ndogo hurekebishwa na vijana. Niliandika dokezo la kurasa tatu nikipendekeza nafasi ya jibu ipanuliwe hadi sentimita tano. Lilirudi baada ya mwezi likiwa na mwandiko wa kalamu nyekundu: Karatasi ni ghali. Nikaendelea kusalimia.

*

Siku ya Jumanne alikuja Mwalimu Generosa Kilumbe kuchukua fomu.

Nilimjua kabla hajainua uso. Alinifundisha darasa la pili. Kila asubuhi alisimama mlangoni, na mtoto aliyeingia bila kuamkia alirudishwa nje aingie upya, hata kama mvua inanyesha. "Salamu ikianguka chini inavunjika," alituambia. "Ukirushiwa, idake." Adabu niliyoajiriwa nayo haikuwa ya asili hata kidogo. Ilikuwa yake.

"Shikamoo, Mwalimu! Ni mimi, Elihuruma!"

Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kama chaki kavu inayokwaruza ubao. "Marahaba, Eli. Umekuwa mrefu."

Nilimpeleka kantini, nikamwagizia chai. Ilibidi niinamishe kichwa ndipo nimsikie. Alikuwa na miaka hamsini na minne, thelathini na mbili kati ya hiyo ameimaliza akipaza sauti juu ya vichwa vya watoto na ndani ya vumbi la chaki. Darasa lake sasa lilikuwa na watoto mia moja na kumi na wanane. Daktari alikuwa amemwambia apumzishe koo mwaka mzima, asiseme darasani hata neno. Asipofanya hivyo, sauti itaondoka na haitarudi.

"Pole sana, Mwalimu."

"Mimi si neno," alinong'ona. "Ningefundisha hata kwa filimbi. Ni mama. Haoni, mwaka wa tisa huu. Ananijua kwa sauti tu. Nikimshika mkono anauliza, nani wewe? Mpaka niseme. Sasa nikiwa siwezi kusema, Eli, nitakuwa nani mle ndani?"

Nilitazama huku na huku. Katika Mamlaka kulikuwa na kosa liitwalo kuvujisha salamu, na adhabu yake ilikuwa kufukuzwa na kunyang'anywa cheti. Nilisogeza kiti.

"Mwalimu, Alhamisi nitakuuliza habari langoni. Bodi nayo itakuuliza. Usijibu."

"Nisijibu?"

"Nyamaza tu. Ukinyamaza, unakwenda nyumbani na mafao yako."

Aliniangalia kama anavyoangaliwa mtoto aliyekojoa darasani. "Wewe unisalimie, mimi ninyamaze? Watu wakiona?"

"Ndiyo wanachotaka kuona."

"Basi nitasema habari mbaya. Huo si ndio ukweli?"

"Mbaya wanaandika mzaha. Kuna mtu alisema mbaya, wakaandika: mwombaji ni mcheshi, bado ana nguvu. Tufanye mazoezi. Habari za kazi, Mwalimu?"

"Nje—" Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Tena. Habari za kazi?"

Akakaza midomo. Macho yakamtoka. Shingoni mshipa ukasimama. "Njema," ikamponyoka, na wote wawili tukacheka, yeye bila sauti, mabega yakitikisika. Tulirudia mara tisa. Mara ya kumi alinyamaza. Alipofaulu hakufurahi. Alichukua kikombe chake, akakitazama chini, akasema: "Miaka thelathini na mbili, Eli. Na mtihani wangu wa mwisho ni huu."

*

Alhamisi alivaa gauni la sherehe. Mstari ulikuwa mrefu, na nilipomfikia Mwalimu, Bi Tunu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Shikamoo, Mwalimu. Habari za asubuhi?"

Kimya.

"Habari za kazi?"

Alikuwa ameuma ncha ya mtandio wake. Machozi yalimlengalenga. Watu mstarini walianza kunung'unika. "Ona mtu mzima huyo," alisema mmoja. "Kijana wa watu anamwamkia kwa heshima, yeye anabana mdomo kama mke wa waziri." Mwalimu Generosa alisikia kila neno. Hakujibu. Nikaandika HAKUJIBU kwa furaha. Haukuwa uongo. Ilikuwa kweli tupu, ya sentimita mbili.

Mchana niliitwa kwenye Bodi kushika kitabu cha kumbukumbu, kwa kuwa karani alikuwa semina. Ukumbi ulikuwa na zulia la buluu na wajumbe saba. Mwenyekiti Mtapuli alikaa katikati, mnene, mng'avu, amepumzika vizuri.

"Mwalimu, hujambo?" aliuliza.

Kimya.

"Habari za kazi ya ualimu, kazi hii tukufu, mama wa kazi zote, ambayo mimi binafsi, kama isingekuwa majukumu ya kitaifa, ningeipenda?"

Kimya. Mjumbe mmoja alishaanza kufungua kikasha cha mhuri. Niliona mhuri wa kijani ukiinuliwa, ule wa kustaafisha, ambao nilikuwa sijauona ukitumika kwa mtu wa kawaida.

"Ngoja," alisema Mwenyekiti. Aliiinua fomu akaisogeza mbali na macho. "Hakujibu langoni. Hakujibu hapa. Mwalimu wa darasa la pili! Waheshimiwa, mimi nimekaa serikalini. Najua nani hajibu katika nchi hii. Mkurugenzi hajibu. Mbunge hajibu. Lakini mwalimu? Mwalimu hujibu hata kaburini. Taifa hili limejengwa juu ya majibu ya walimu. Hapa kuna mtu amemfundisha."

Wajumbe wote waligeuka kunitazama mimi na kitabu changu.

"Wewe ndiye uliyekuwa langoni?"

"Ndiyo, mzee."

"Ulimsalimia kweli? Au ulijaza fomu bila kumsalimia?"

"Nilimsalimia, mzee."

"Basi ulimwambia asijibu?"

Jibu lilikuwa fupi. Ndiyo. Lingeingia kwenye sentimita mbili na nafasi ingebaki. Nilikuwa nimeandika insha chuoni juu ya ujasiri wa mtumishi wa umma, nikapata alama themanini na saba. Nilifungua mdomo. Nikakiona mawazoni cheti changu ukutani kwa mama yangu, kile alichokiwekea fremu kabla ya kununua kitanda. Nikaufunga mdomo.

"Andikeni hatua za nidhamu," alisema Mwenyekiti. "Kufukuzwa, na cheti—"

Kiti kilisukumwa nyuma. Mwalimu Generosa alikuwa amesimama.

"Hana kosa," alisema.

Hakuna aliyesikia. Akashika meza, akavuta hewa kifuani, akasema kwa nguvu, na sauti ikapasuka katikati kama kibao cha kuandikia. "Mtoto huyu hana kosa! Alinisalimia kwa heshima zote. Nami nilimjibu. Nilisema njema. Sauti yangu ndogo, hakusikia. Njema! Na hapa pia, mniwie radhi. Sijambo. Habari za kazi ni njema."

Kisha Mwenyekiti akatabasamu, akapiga makofi, na wajumbe wakampigia makofi mwalimu kwa muda mrefu. Mhuri wa kijani ukarudi kwenye kikasha chake.

"Andika, kijana," aliniambia Mwenyekiti. "Kwa kinywa chake mwenyewe."

Nami nikaandika. Njema. Mwandiko wangu mzuri. Ni yeye aliyenifundisha kuandika.

Alipopita karibu nami kutoka nje, alinigusa bega. Hakusema kitu. Nilidhani amenikasirikia, na ningependa iwe hivyo. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa amekwisha kusema yote.

*

Barua yangu ilikuja baada ya wiki. Nilikuwa afisa wa kwanza katika historia ya Mamlaka kusifiwa na mwombaji mbele ya Bodi. Nilipandishwa kuwa Afisa Salamu Daraja la Pili na kupewa kiti kinachozunguka. Sikulala vizuri, lakini asubuhi nilikuwa nimeamua. Ningempelekea Mwenyekiti barua ya kuacha kazi pamoja na ukweli wote, kurasa mbili, na kuomba kesi ya Mwalimu ifunguliwe upya. Nilipanda ngazi nikirudia sentensi ya kwanza. "Mzee, mimi ndiye niliyemwambia asijibu." Nikagonga. Nikaingia.

"Aah, kijana wetu! Habari za kazi?"

"Nzuri, mzee," nikasema.

Katibu muhtasi wake aliandika jibu langu hapo hapo. Barua ilibaki mfukoni mwangu hadi suruali ikafuliwa.

Nilipomsimulia Bi Tunu, hakucheka. Alinisogezea karanga zake. "Mimi nilipanda ngazi hizo mara mbili," alisema. "Kula."

*

Ilipita miezi mitano ndipo nilipopata uso wa kwenda kwa Mwalimu. Nilikwenda Ijumaa jioni, na sukari kilo mbili na mkate. Mama yake, bibi mwembamba wa miaka themanini na kitu, alikuwa ameketi barazani akichambua maharage kwa vidole.

"Hodi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe una sauti nzuri, karibu. Nani?"

"Elihuruma. Alinifundisha Mwalimu Generosa."

"Ee, keti, keti. Nyumba hii siku hizi kimya kama kanisa Jumatatu. Kuna msichana wa kazi ameletwa, anapika vizuri, ananiogesha vizuri, lakini bubu. Kutwa namwuliza, Generosa yuko wapi, mbona haji kuniona? Ananishika mkono tu. Nami namwambia, mkono wako ni mzuri mwanangu, ila sikujui."

Mlangoni alisimama Mwalimu Generosa, na sinia ya chai mikononi. Alikuwa amevaa saa yake ya shule na vidole vilikuwa bado na chaki. Alikwenda kazini kila siku, niliambiwa na jirani, na alifundisha kwa kugonga ubao kwa rula. Midomo yake iliniambia karibu. Hakuna kilichosikika.

Nilitaka kumwambia bibi. Ndiye huyu, bibi, amesimama hapa. Nikamtazama Mwalimu kuomba ruhusa. Alitikisa kichwa taratibu. Baadaye aliniandikia kwenye ukurasa wa daftari kwamba alikwisha kujaribu, kwamba jirani alimwambia mama, na mama alilia siku tatu kwa kudhani wanamficha kifo cha mwanawe. Afadhali amngoje, aliandika.

"Umemwona Generosa wangu?" aliuliza bibi.

"Nimemwona."

"Hajambo?"

Mwalimu alinitazama juu ya vikombe. Midomo ilianza kutaja herufi ya kwanza, kama alivyofanya darasa la pili mtoto aliposahau, ili amalizie mwenyewe.

"Hajambo, bibi," nikasema. "Mzima kabisa."

"Na kazi?"

"Njema."

"Namshukuru Mungu." Bibi alirudisha vidole kwenye maharage. "Ukimwona tena, msalimie."

Mwalimu Generosa aliinama, akaiweka sinia chini katikati yetu.

"Zimefika, bibi," nikasema.